Ndugu Zake Wako Wapi?

Swali hili nililisikia katika ua wa nyumba moja mtaani kwetu, Tabora mjini, alfajiri ya siku aliyofariki kijana mmoja mpangaji; na tangu siku hiyo halijanitoka masikioni. Kijana huyo alikuwa Mzaramo, fundi wa redio na simu, aliyekaa katika chumba kimoja cha nyumba ile kwa muda wa miaka mitatu. Homa ilimshika siku nne tu. Watu walipokusanyika uani hawakuulizana nani ataleta sanda, wala nani atakwenda makaburini na jembe. Waliulizana: ndugu zake wako wapi? Simu zikapigwa. Namba moja haikupatikana, nyingine ilipokewa na mtu asiyemjua. Jua likapanda. Wanaume tulikaa juu ya mabenchi ya kuazima, tukiwangoja watu walio mbali mwendo wa siku nzima, na maiti yumo ndani, na kila mmoja wetu alikuwa na jembe nyumbani kwake.

Nimesema tulikaa, kwani nami nilikuwamo. Kwa hiyo nikiandika dhidi ya swali lile, siandiki kama mtu aliyesimama pembeni.

Ndugu wa marehemu yapasa waarifiwe. Hilo hakuna alikataaye. Ninalolikataa ni fikra iliyojificha ndani ya swali, kwamba mtu ni mali ya damu yake peke yake, na kwamba jirani akishika jembe anafanya hisani, si wajibu. Fikra hiyo sasa imepata hata mawakili wake. Utawasikia mikutanoni na redioni wakieleza kuwa ujirani umekufa kwa sababu watu wamechanganyika mno. Zamani, wasema, kila mtu aliishi kati ya watu wa ukoo wake, akalima nao, akazikwa nao. Leo Muha amepanga kwa Mmanyema, Mchaga amefungua duka mbele ya mlango wa Msukuma, basi nani atamlilia nani? Kisha humalizia kwa ule msemo wao kuwa damu ni nzito kuliko maji, na wasikilizaji hutikisa vichwa kana kwamba wamesomewa sheria.

Hoja hii ni tamu masikioni, nayo ni uongo mtupu. Tena huudhi zaidi inaposemwa Tabora, kwa kuwa ni vigumu kuutaja mji mwingine wa bara ambao historia yake inaikanusha waziwazi kama mji huu.

Tazama kwanza jina. Watu wa nchi hii hawakujiita Wanyamwezi. Watu wa pwani ndio waliowaita hivyo, wakielekeza macho magharibi ambako mwezi mwandamo huonekana. Wenyewe kwa wenyewe walitajana kwa watemi wao na kwa pande za dunia, maana Sukuma ni kaskazini na Dakama ni kusini. Yaani hata kabila ambalo leo twalihesabu kuwa ni damu moja ya tangu na tangu lilipewa jina lake na wageni, kwa ajili ya safari. Kisha utazame mji wenyewe. Burton na Speke walipofika Kazeh, mwezi wa Novemba mwaka 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, hawakukuta kijiji cha ukoo mmoja. Walikuta Waarabu wa Oman na Unguja, Waswahili wa mrima, raia wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na watumwa wa makabila mengi. Baadaye wakaongezeka Wamanyema, ambao wengi wao waliletwa kwa nguvu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wajukuu wao leo ni wenyeji wa mji huu kama mwenyeji mwingine yeyote. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikamwaga watu wengine tena. Asemaye kwamba mchanganyiko huua ujirani hana budi kutueleza mji huu uliwezaje kuishi zaidi ya karne moja na nusu ukiwa umechanganyika tangu siku yake ya kwanza.

Lakini jibu kamili haliko mjini, liko njiani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini, pembe akishuka, nguo na shanga na nyaya akipanda, kati ya Tabora na Bagamoyo. Safari moja ilikula miezi. Alipita nchi za watu ambao hakuzaliwa nao wala hakuijua lugha yao. Alipita Mgunda Mkali, pori lililo kati ya Unyanyembe na Ugogo, ambako maji na chakula vilikuwa haba hata jina lenyewe likawa onyo. Alipita Ugogo, ambako kila mtawala alidai hongo yake na kila kisima kilikuwa na mwenyewe. Alipita Marenga Mkali, kabla ya kufika Mpwapwa, ambako maji yalikuwa machungu au hayakuwapo kabisa. Mtu wa namna hiyo ukamwambie kuwa damu ni nzito kuliko maji! Watu wa damu yake walikuwa nyuma, wakimngoja arudi kabla ya mvua za kilimo. Mwenye kata ya maji alikuwa mgeni. Na maji, mpagazi aliyajua uzito wake begani.

Katika haja hiyo ndimo ulimokulia utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, na kati ya Wanyamwezi na makabila mengine ya njia ile. Sisemi kuwa utani wote wa nchi hii ulizaliwa na misafara. Upo utani wa babu na mjukuu, upo wa shemeji, upo wa koo, na upo ule ambao wazee husimulia kuwa ulifuata vita, waliopigana jana wakawa watani leo. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya juzuu kadhaa za maelezo ya utani wa makabila yetu. Kwa hiyo hatuna hata udhuru wa kusema kuwa mambo haya hayakuandikwa. Ninachosema ni kwamba utani wa njia ya misafara ulikuwa ni mkataba baina ya watu wasiojuana, na mkataba huo ulikuwa na vifungu vyake. Mtani akifika kwako mwenye njaa, atakula. Akimkamata kuku wako akamchinja, huendi kumshtaki. Akiugua ugenini, mtani wake ni wewe uliye karibu. Akifa, wewe ndiwe utakayechimba, wewe ndiwe utakayebeba, na wewe ndiwe utakayesimama mlangoni ukimtukana marehemu kwa uvivu wake na ulafi wake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka, kisha utadai ada yako nao hawatakunyima.

Tusi basi lilikuwa ni muhuri. Aliyeruhusiwa kukutukana ni yule tu aliyelazimika kukuzika.

Wageni wakubwa waliotazama utani kwa mbali waliona mzaha na utovu wa adabu. Hawakuona kuwa ndani yake mna ujuzi ambao siasa nyingi za leo hazijaufikia. Baina ya watu wasiojuana mna shaka. Mzaramo hakujua kama Mnyamwezi huyu aliyeshuka na msafara ni mwizi, na Mnyamwezi hakujua kama mwenyeji huyu atamuuza. Wapo wanaodhani shaka hiyo hutibiwa kwa kutamka kuwa haipo, kwa hotuba ya kwamba sisi sote ni ndugu. Utani hausemi hivyo. Utani huitoa shaka hadharani: wewe ni mwizi, baba yako mwizi, mbebaji mizigo wee! Na yule hujibu kwa tusi lililo kubwa zaidi, na watu hucheka, na shaka ile ikishachekwa mbele ya watu hupungukiwa na sumu. Kisha chakula huletwa. Tofauti ya watu hawa wawili haikufutwa. Imefanywa kuwa ndiyo sababu ya kudaiana.

Msomaji asidhani kuwa naipaka njia ile rangi ya peponi. Ilikuwa ni njia ya watumwa na ya pembe, na aliyeanguka kwa ugonjwa mara nyingi aliachwa pale alipoanguka. Wasafiri wa karne ile wameandika juu ya mifupa waliyoikuta kando ya njia. Utani haukuota penye amani. Uliota penye hofu, ukapandwa na watu wenye mizigo vichwani ambao walikwisha kuona mtu anavyoachwa, wakaamua kuwa nao wasiachwe. Ndiyo maana naukasirikia usemi wa kwamba ujirani wa wazee wetu ulikuwa jambo la asili, uliojiotea kama magugu. Watu wale waliufanyia kazi.

Na wale wanaong'ang'ania damu nawakumbushe kwamba watu wa njia ile walijua kuwa hata damu hutengenezwa. Mwaka 1871 Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo, mtemi wa Urambo, akashindwa pamoja nao. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo, wakachanjana, wakawa ndugu. Kila mmoja alikuwa na faida yake, wala simwiti yeyote kati yao mtakatifu. Bali naona kwamba hapakuwa na mtu aliyesimama pale akasema udugu haufanywi, huzaliwa. Wembe ulikuwapo, mashahidi walikuwapo, na masharti yalitamkwa: atakayemsaliti mwenzake na apatwe na hili na lile. Udugu wao ulikuwa na tarehe.

Nitatoa ushahidi mmoja zaidi. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari mwaka 1874. Walipopita Unyanyembe walimkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza, ambaye aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele ya safari, ili wenyeji wasiwazuie kupita na maiti, waliufunga mwili kama mtumba wa nguo. Wabebaji wale hawakuwa kabila moja wala dini moja, na marehemu hakuwa wa damu ya hata mmoja wao. Vitabu vya wakoloni vimewasifu kwa uaminifu wa mtumishi kwa bwana wake. Mimi nauona utii wa namna nyingine, utii kwa sheria ya safari, kwamba mwenzako wa njiani akifa, hutafuti kwanza ndugu zake walipo. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, pana tembe la kumbukumbu ya Livingstone, na ni jambo jema lihifadhiwe. Nimezunguka pale mara nyingi na wanafunzi. Sijaona jiwe lililowekwa kwa ajili ya waliobeba.

Sasa tuulizane urithi huu tumeufanya nini. Tumechukua ganda tukatupa kiini. Utani umebaki kuwa vichekesho. Katika sherehe za serikali kiongozi husimama jukwaani, akataja kuwa kabila fulani ni watani wake, akawatania kwa ulaji wa panya au kwa mapenzi ya ngoma, watu wakacheka, naye akapanda gari akaondoka. Magazeti ya michezo huziita Yanga na Simba watani wa jadi. Klabu hizo zilianzishwa miaka ya 1930 na zina heshima yake, lakini nani amewahi kumwona shabiki wa Yanga akienda kuchimba kaburi la shabiki wa Simba kwa sababu tu ni wa Simba? Matusi yapo, tena mengi. Jembe liko wapi? Tusi lisilo na jembe ni tusi tu, na sheria za nchi zinalo jina lake.

Na penye misiba ya mijini tumeleta kamati. Sina ugomvi na kamati, wala na daftari la michango. Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Mwenye nyumba yake, mwenye kazi inayojulikana na jamaa wengi, kamati yake huketi jioni ile ile. Mpangaji wa chumba kimoja hana kamati. Vijana wa kuchimba hukodiwa kwa fedha. Tukiisha kulipa twaona tumemaliza, na jirani twamjua kwa tarakimu iliyoandikwa mbele ya jina lake.

Hapa nitasema neno ambalo baadhi ya wenzangu watalichukia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, aliandika kuwa msingi wa ujamaa ni ile jamaa yetu ya asili, akatutaka tuipanue jamaa hiyo hata ipite mipaka ya kabila na ya nchi. Lilikuwa ni wazo kubwa, na nchi hii inakula matunda yake mpaka leo. Lakini sisi wanafunzi wake tulilisoma kwa haraka. Tulishika neno jamaa tukaliacha neno kuipanua. Tukajizoeza kuitana ndugu, tukadhani kuwa kwa kuitana hivyo kazi imekwisha. Basi kila asiyekuwa jamaa ikabidi tumsingizie ujamaa kwanza ndipo tumtendee haki. Na siku ambayo usingiziaji ule unashindikana, kama ulivyoshindikana uani mwa nyumba ile, hatuna la kushika. Neno ndugu linapoanguka hakuna neno lingine chini yake la kulidaka. Watu wa misafara walikuwa nalo. Wao hawakumwambia mgeni, wewe ni ndugu yangu, kwa hiyo nitakuzika. Walimwambia, wewe si ndugu yangu, ndiyo maana kukuzika ni juu yangu.

Makosa yetu ya miaka iliyofuata yametoka katika usomaji ule wa haraka. Mwishoni mwa mwaka 1973 iliamriwa kuwa watu wote wa vijijini wahamie katika vijiji vya maendeleo, na mkoa wa Tabora haukusazwa. Nyumba zilipangwa kwa safu, mlango ukitazama mlango. Ilidhaniwa kuwa wakikaribiana watajuana, na wakijuana watasaidiana. Karibu ni jambo la futi na yadi. Ujirani ni jambo jingine. Watu waliowekwa pamoja kwa malori hawakupewa nafasi ya kufungiana mikataba yao wenyewe kama walivyofungiana wapagazi, na wengi waliyarudia mahame yao mara tu walipoweza. Hali kadhalika balozi wa nyumba kumi. Fikra ya kwanza ilikuwa njema, kwamba nyumba kumi zijue shida za nyumba kumi. Mwisho wake balozi akawa mtu wa kutafutwa wakati wa barua ya utambulisho. Siku ile ya msiba alifika mapema kuliko wengi wetu, akaandika jina la marehemu.

Yuko atakayenijibu kwa hoja yenye uzito, nami sitaikwepa. Atasema: wewe unausifu ujirani wenye madai na adhabu, je, umesahau ujirani wa namna hiyo umefanya nini huku kwetu? Sijasahau. Mtaalamu Abrahams, aliyekaa Unyamwezi katika miaka ya 1950 na baadaye, ameeleza jinsi majirani walivyokuwa na baraza lao wenyewe, wakimhukumu aliyekosa bila kungoja mtemi wala serikali. Na adhabu iliyoogopwa mno ilikuwa ni kutengwa, usisalimiwe wala usisaidiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walipoanzia pande za Kahama na Shinyanga, wakaenea hadi Tabora, walitumia nguvu hiyo hiyo, na wezi wa ng'ombe waliiona. Lakini katika nchi hizi hizi, Usukuma na Unyamwezi, vikongwe wamefukuzwa na wengine wamekatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, kwa ajili ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Waliowaonyesha walikuwa majirani. Waliowaua, mara nyingine, walilipwa na watu wa damu yao wenyewe, waliotaka shamba.

Hayo ndiyo majibu yangu. Bibi kizee yule hakuuawa na ugeni. Aliuawa na watu waliomjua tangu utotoni, na wakati mwingine na ukoo wake. Wanaotuambia turudi kwenye ukoo ili tupate usalama watueleze kwanza habari ya bibi huyu. Alilolikosa ni mtu wa nje mwenye haki ya kuingia, kutukana, na kuwachekesha wakosaji mbele ya watu mpaka waone haya. Alikosa mtani. Shaka juu yake haikutolewa hadharani. Ilinong'onwa usiku, ikaiva gizani, ikaja na panga.

Nami nisiseme kuwa moyo wa njia ile umekufa kabisa, maana ningelisema uongo wa upande wa pili. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi waliletwa Ulyankulu katika mkoa huu wa Tabora, na Katumba na Mishamo katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Katavi. Walipewa pori. Wakalifyeka, wakalima mahindi na maharage na tumbaku. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia zaidi ya 160,000 kati ya watu hao, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Ulikuwapo mpango kwamba kwanza wahamishwe na kutawanywa mikoani ili wachanganyike vizuri. Mpango huo ukaachwa, wakabaki majirani wa watu waliokuwa majirani zao. Wapo hata leo wanaowaita watu wa kuja. Wapagazi walikuwa watu wa kuja. Na yule babu wa Kimanyema aliyekuja na mnyororo shingoni, wajukuu wake wamwite nani?

Nirudi uani. Yapata saa nne asubuhi aliingia mzee mmoja Mnyamwezi, fundi wa baiskeli wa kona ya mtaa, nguo zimejaa udongo mwekundu hadi magotini. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye kizingiti cha chumba cha maiti, akanyosha miguu kuuziba mlango, akaanza. Alisema Mzaramo huyu ni mvivu hata kufa hakuweza kufia kwao, amekuja kutufia sisi ili tumchimbie bure. Alisema amemtengenezea redio miaka mitatu na redio haikuwahi kusema kweli. Alisema maiti haitoki humu mpaka alipwe, na kama hakuna wa kumlipa atamchukua marehemu akambebeshe mzigo mpaka Bagamoyo, kama babu zake walivyobebeshwa wao. Vijana wakatoa simu wakampiga picha, wakidhani mzee amelewa. Wanawake wawili watatu wa makamo walianza kucheka, kisha wakalia kilio cha kweli, cha kwanza kusikika uani siku ile. Ndipo nilipoutazama tena ule udongo wa magotini. Alikuwa makaburini tangu alfajiri, peke yake, na kaburi lilikuwa tayari. Tulimzika Mzaramo yule kabla ya adhuhuri, na mzee alishuka kaburini kumpokea.

Baada ya mwezi mmoja na nusu alikuja kaka wa marehemu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye heshima zake, kuchukua vyombo na kutoa shukrani. Nikampeleka kwa fundi wa baiskeli. Mzee alimtazama juu hadi chini, akatupa bisibisi, akapaza sauti ili mtaa wote usikie: kumbe wezi wa Kizaramo bado wamesalia, na huyu amekuja na mikono mitupu, ada yangu iko wapi? Kijana alibadilika rangi. Alisema hakutegemea kutukanwa na mtu mzima akiwa bado na msiba. Aliniachia bahasha nimpe mzee, akaondoka na basi la kesho yake.

Mzee hakuipokea bahasha. Aliuliza swali moja tu, kama huko shuleni watoto siku hizi hawafundishwi. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, na nilikuwa nimesimama mbele yake na bahasha ile mkononi.